Rangi Kabla ya Jezi

Sare za beni

Mpira ulipofika Dar es Salaam uliwakuta watu wa mji wameshazoea kujigawa mara mbili na kuvaa sare. Pwani yote, kuanzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, vijana walijiunga katika vyama vya beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi: tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride na, juu ya yote, mavazi. Kila chama kilikuwa na vyeo vya kujipachika, mfuko wa kuzikana na kusaidiana, na mpinzani wake. Bila mpinzani beni haikunoga. Tanganyika wapinzani wakubwa walikuwa Marini na Arinoti. Marini walijihesabu wastaarabu wa nguo zilizonyooka, na Arinoti wakahesabiwa watu wa kazi za sulubu. Walishindana kwa sare, kwa karamu na kwa nyimbo za kuumbuana, na mshahara wa vibarua wengi ukaishia kwa fundi cherehani.

Vita Vikuu vya Kwanza viliisambaza ngoma hiyo hadi bara, kwa miguu ya askari na wapagazi. Kariakoo lenyewe ni jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi pale. Miaka ya 1930 beni ilianza kufifia, dansi ikachukua vijana upande mmoja na mpira ukawachukua upande mwingine. Tabia zake hazikufifia. Chama chenye wazee na mfuko wa mazishi, sare, mpinzani wa kudumu, nyimbo za kejeli: vyote hivyo vilihamia uwanjani.

Naanza huku nyuma kwa sababu masimulizi ya klabu zetu, Simba na Yanga, huanza siku mpira ulipopigwa, halafu msimuliaji anashindwa kueleza kwa nini mtu mzima wa Yanga mwenye wajukuu hawezi kununua ndoo nyekundu.

1935 na 1936: nyumba moja yagawanyika

Dar es Salaam ya wakoloni ilipangwa kwa ngozi. Wazungu walikaa upande wa bahari, Wahindi katikati, na Waafrika wakapimiwa viwanja ng'ambo ya uwazi wa Mnazi Mmoja. Huko ndiko vijana wa Jangwani, Gerezani na Kariakoo walikocheza pamoja kwa majina yaliyobadilikabadilika. Jina la mwisho kabla ya lile tunalolijua lilikuwa New Youngs. Mwaka 1935 wakawa Young Africans. Ulimi wa Kariakoo haukuwa na muda na maneno mawili ya Kizungu. Ukalitafuna la kwanza, likatoka Yanga.

Mwaka uliofuata wakagawanyika. Sababu husimuliwa kwa kutegemea msimuliaji anakaa jukwaa gani: kuna wanaotaja kufungwa, kuna wanaotaja uongozi, na kuna wanaotaja dharau ya kikundi kimoja kwa kingine. Waliotoka walijiita Queens, baadaye Eagles, kisha Sunderland, na leo ni Simba.

Jambo lenye uzito kwa historia yetu ni kwamba hawa walikuwa watu wa nyumba moja. Lugha yao moja, mtaa mmoja, misikiti ile ile, soko lile lile. Glasgow, timu mbili kubwa zilitenganishwa na dini, Wakatoliki huku na Waprotestanti kule. Kwetu, mtu wa Msimbazi, yaani Simba, na mtu wa Jangwani, yaani Yanga, huwezi kuwatofautisha kwa dini, kabila wala kazi. Mara nyingi wamezaliwa na mama mmoja. Ugomvi wa namna hiyo unahitaji alama ya nje, na alama iliyopatikana ilikuwa rangi.

Jina lililovuka bahari

Sunderland ni mji wa wajenzi wa meli kaskazini mwa Uingereza. Timu yake, ya jezi zenye mistari myekundu na myeupe, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Uingereza mwaka 1936 na Kombe la FA mwaka 1937. Miaka ile ile, basi, ambayo waliotoka Yanga walikuwa wakitafuta jina la kukaa nalo. Dar es Salaam ni mji wa bandari. Jina la timu inayotamba Ulaya halikuhitaji kubisha hodi mara mbili. Dar Sunderland ilizaliwa, na nyekundu na nyeupe ndizo ambazo Simba inazivaa mpaka leo. Upande wa pili ukasimama na kijani na njano.

Wapo wanaosema Sunderland ilikuwa timu ya Waarabu na wenye nacho, na Yanga ya Waafrika wapigania uhuru. Maneno hayo yana chembe ya ukweli na gunia la chumvi. Majina yenyewe yaliyachochea: timu moja imejiita Waafrika Vijana katikati ya ukoloni, nyingine imebeba jina la mji wa mkoloni. Ila ukitazama watu waliokaa viwanjani, ubaguzi huo hauonekani wazi kama wanavyopenda kuusimulia wazee wa Jangwani.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland, akarudia mwaka 1966. Cosmopolitan ikapita katikati mwaka 1967, kisha Yanga ikashika mwaka 1968. Tarehe 1 Juni mwaka huo Yanga iliifunga Sunderland mabao 5 kwa 0. Naitaja kwa sababu ni deni lililochukua miaka tisa kulipwa, na lililipwa kwa riba.

Kufikia wakati huo watu walikuwa wameshaupa ushindani huu jina lake, na jina hilo linaeleza mengi: watani wa jadi. Utani ni taasisi ya kale kuliko mpira. Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kutukanana msibani, mtani akabeba jeneza huku akimsema marehemu kwa ubahili, na hakuna wa kukasirika, kwa sababu utani una mipaka ambayo kila mtu anaijua bila kuandikiwa. Mashabiki waliukuta utani huo tayari umeshonwa, wakauvaa. Ndiyo maana mke wa Simba na mume wa Yanga wanalala chumba kimoja usiku wa mechi, ingawa chai ya asubuhi inaweza kuchelewa.

1971: Sunderland yavua jina

Uhuru ulipofikisha miaka kumi, kubeba jina la mji wa Uingereza kulianza kuonekana aibu. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, mabenki yametaifishwa, na Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umeshaendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Serikali iliyopima urefu wa sketi isingeshindwa kuliona jina la Sunderland. Inasimuliwa kwamba Rais wa Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, ndiye aliyewahimiza watu wa Msimbazi waachane nalo. Mwaka 1971 wakawa Simba.

Kilichobaki kinafundisha zaidi ya kilichobadilika. Jina lilifutwa, rangi haikuguswa. Hakuna aliyepaza sauti kusema nyekundu na nyeupe nazo ni za Waingereza, zirudishwe kwao. Zilikuwa zimeshakuwa za Mtaa wa Msimbazi, na watu wakaanza kuitwa Wekundu wa Msimbazi, jina linalotaja rangi na mtaa na kuishia hapo.

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya neema kwa pande zote. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla El Kubra ya Misri. Mwezi Agosti mwaka huo huo, kwenye Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Yanga iliifunga Simba 2 kwa 1 katika mechi ambayo wazee bado wanaisimulia dakika kwa dakika: Gibson Sembuli akasawazisha dakika za jioni kabisa, na Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, akamaliza kazi katika muda wa nyongeza. Jina la Manara tutakutana nalo tena, likiwa upande usiotarajiwa.

Raizoni na Kandambili

Mwaka 1975 na 1976 Yanga iliingia katika mgogoro wa wachezaji, viongozi na wazee wa klabu. Migogoro ya klabu ni mingi na mingi imesahaulika, lakini huu ulikumbukwa kwa majina waliyopeana. Upande mmoja uliitwa Raizoni, kwa viatu vya soli nene vilivyokuwa fasheni ya vijana wa mjini. Upande wa pili uliitwa Kandambili, kwa ndara za mpira zilizovaliwa na wazee na watu wa kipato cha chini. Hapakuwa na tofauti ya rangi ya kuwatenganisha, wote walikuwa kijani na njano, kwa hiyo wakashuka chini mpaka kwenye viatu. Hilo kwangu ni ushahidi mkubwa kuliko wote: mtu wa Kariakoo akigombana na mwenzake, atatafuta vazi la kumtaja nalo.

Kandambili walibaki na klabu. Raizoni waliondoka na wachezaji wengi hodari, wakaunda Pan African, timu iliyokuja kuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1982. Yanga iliyobaki ilikuwa na jina, jengo na wanachama, na mashimo makubwa kikosini.

Tarehe 19 Julai 1977 Simba ilikwenda kuyahesabu mashimo hayo: 6 kwa 0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu peke yake, jambo ambalo mechi ya watani haijaliona tena. Riba ya 1968 ilikuwa bao moja.

Mwaka huo huo, mwezi Februari, TANU na Afro-Shirazi zilikuwa zimeungana kuwa CCM, chama chenye bendera ya kijani na njano. Tangu hapo kila mwaka wa uchaguzi mtu wa Simba aliye mwanachama wa CCM hulazimika kuvaa shati la kijani mbele ya watani wake, na kulieleza.

Miaka ya redio

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vijana wa leo hawaliamini. Kwa karibu miaka sitini mashabiki wa klabu hizi walipenda rangi bila kuwa na jezi. Jezi ilikuwa ya mchezaji. Ilikuwa vazi la kazi, kama ovaroli la fundi gereji, na klabu yenyewe iliihesabu seti kwa seti. Shabiki alikuwa na kadi ya uanachama mfukoni na tawi la kukaa jioni. Akitaka kuonyesha rangi, alikuwa na kitambaa cha mkononi, kofia, bendera iliyoshonwa mtaani, au khanga ya mkewe aliyojifunga kiunoni.

Sababu moja ilikuwa uhaba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilifunga mkanda, na kitambaa kikawa bidhaa ya foleni. Viwanda kama Urafiki, Mwatex na Mutex vilikuwepo, lakini watu walipanga mstari kwa ajili ya sare za shule na sanda. Nani angethubutu kuagiza mistari ya mashabiki? Mitumba nayo ilikuwa haijafunguliwa.

Sababu ya pili ni redio. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994. Magazeti yalichapa picha nyeusi na nyeupe. Mtu wa Kigoma, Songea au Bukoba aliyeipenda Yanga maisha yake yote huenda hakuwahi kuiona kijani yake. Aliisikia. Mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam ndiye aliyekuwa mchoraji: jioni ya mechi alianza kwa kueleza nani amevaa nini, bukta rangi gani, soksi rangi gani, anashambulia kutoka upande upi, na nchi nzima ikachora vichwani. Hapo ndipo rangi zikawa majina. Wekundu wakaliona goli, kijani na njano wakarudisha mpira nyuma. Kwa msikilizaji wa kijijini, nyekundu ilikuwa neno kabla haijawa kitu cha kuonekana, na neno halichuji kwa kufuliwa.

Kwenye viwanja vya mjini rangi ilianza kuzaa miiko. Watani walijitenga kimajukwaa bila amri ya polisi. Kamati zilizoitwa za ufundi, ambazo kila mtu alijua ufundi wake hauhusiani na mpira, zilikuwa na la kusema kuhusu lango la kupitia na vazi la kuingia nalo. Mambo hayo hayakuishia miaka hiyo: mwaka 2003 klabu zote mbili zilipigwa faini kwa vitendo vya kishirikina kwenye mechi yao.

Novemba 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ikatoka suluhu Abidjan dhidi ya Stella, ikarudi nyumbani na nusu ya kombe mkononi, ikafungwa 2 kwa 0 Dar es Salaam. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya enzi ya redio, kwa hesabu yangu. Mwaka uliofuata televisheni ikawaka.

Jezi za watu wengine

Tulijifunza kuvaa jezi kwa kuvaa za wengine. Mitumba ilikuwa imerudi sokoni tangu soko lilipolegezwa miaka ya 1980, na ndani ya marobota zilianza kutoka fulana za mpira za Ulaya, nyingine zikiwa na majina ambayo mnunuzi hakuyajua. Televisheni ikaleta ligi ya Uingereza, mabanda umiza yakaota kila kona, na kijana aliyelipa sarafu kuwaona Arsenal na Manchester United akataka na yeye aonekane. Mnamo miaka ya 2000 ungeweza kusimama Ubungo ukahesabu jezi za London na Manchester mpaka uchoke, na ya Simba ukaitafuta. Aliyeipenda Simba tangu tumboni alitembea na jina la Henry wa Arsenal mgongoni, na hakuona ajabu.

Wala jezi ya Sunderland haikuonekana. Mji uliotoa jina na rangi ulikuwa umeshasahaulika kabisa huku. Mwaka 2013 klabu ya mji huo ilirejea Dar es Salaam kwa mlango mwingine, ikishirikiana na kampuni ya umeme ya Symbion katika mradi wa kituo cha michezo cha vijana. Kituo kilijengwa Kidongo Chekundu, na kama kuna mtu aliyelichagua eneo hilo kwa ajili ya jina lake, alikuwa na ucheshi.

Uwanja mpya wa Taifa wa watu 60,000, ambao tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa, ulipofunguliwa mwaka 2007, watu walikuta viti vimepangwa kwa rangi, na tiketi zikauzwa kwa rangi za viti. Jukwaa tupu lilionyesha rangi yake. Jukwaa lililojaa lilionyesha kwamba mashabiki hawakuwa na vazi moja. Fulana za kuchapisha, mashati ya kazini, kanzu, jezi za Chelsea. Mtu yeyote mwenye jicho la biashara angeiona nafasi hiyo.

Doa jekundu

Wadhamini waliiona kwanza kifuani mwa wachezaji. Kuanzia mwaka 2008 bia ya Kilimanjaro ilizidhamini klabu zote mbili kwa wakati mmoja, maneno yale yale juu ya nyekundu na juu ya kijani. Busara yake ilikuwa rahisi: kampuni ikichagua upande mmoja, upande wa pili utabadili kinywaji. SportPesa ilifuata njia hiyo hiyo Mei 2017, ikasaini na wote wawili ndani ya mwezi mmoja kwa mikataba ya miaka mitano ya karibu shilingi bilioni 5 kila mmoja.

Kati ya mikataba hiyo miwili kulikuwa na kisa ambacho kingestahili kitabu chake. Mdhamini wa ligi alikuwa Vodacom, kampuni ambayo zamani ilijulikana kwa buluu. Mwaka 2011 ilibadili rangi na kuwa nyekundu, na nembo yake ilitakiwa kukaa kwenye jezi za timu zote za ligi. Yanga ikagoma. Wazee wa Jangwani hawakutaka doa jekundu kwenye jezi yao, na neno hilo, doa, ndilo lililotumika. Kampuni kubwa ya simu, yenye wanasheria na kanuni za matumizi ya nembo, ikajikuta inajadiliana na watu ambao wasingejali ubingwa wala fedha kama bei yake ilikuwa kipande cha kitambaa chekundu kisichozidi kiganja. Nembo ikawekwa kwa rangi nyeusi.

Magazeti yalicheka, wasomi wakasema ni ushamba. Mimi sikucheka sana. Klabu iliyozaa timu nyingine kwa kugawanyika, isiyotofautiana nayo kwa kabila wala dini, ingelinda nini kingine kama si rangi? Ukiondoa kijani, Yanga na Simba ni majengo mawili ya Kariakoo yaliyo umbali wa kutembea kwa miguu.

Kadiri jezi ilivyopata uzito ndivyo ilivyogeuka silaha ya utani. Agosti 2012 beki Mbuyu Twite, aliyetokea Rwanda, aligombewa na klabu zote mbili. Simba waliamini wameshamsajili. Akatua Dar es Salaam akapokewa na Yanga, na jezi aliyovalishwa ilikuwa na jina RAGE mgongoni, jina la mwenyekiti wa Simba, Ismail Aden Rage. Miezi mitatu nyuma Simba walikuwa wameshinda 5 kwa 0, hata kipa wao Juma Kaseja akafunga kwa penalti. Yanga hawakuwa na mabao ya kujibu, wakajibu kwa herufi nne.

Mwaka 2017 Haruna Niyonzima, kiungo wa Rwanda aliyeichezea Yanga kwa miaka sita, alivuka kwenda Msimbazi. Baadhi ya mashabiki wa Yanga waliichoma moto jezi yake hadharani. Ukitafakari utaona ni tendo jipya kabisa: mwaka 1977 shabiki mwenye hasira asingekuwa na jezi ya kuchoma. Niyonzima alirudi Yanga mwaka 2020, na mwaka uliofuata akaagwa na klabu hiyo kwa heshima zote. Majivu hakuna aliyeyataja.

Uzi mpya

Mapinduzi ya jezi yamekamilika ndani ya miaka michache tu. Simba walikuwa wameanzisha Simba Day mwaka 2009, tamasha la Agosti la kutambulisha kikosi. Yanga wakajibu mwaka 2019 kwa Wiki ya Mwananchi, na mwaka huo ndipo kampuni ya GSM ilipoanza kutengeneza na kuuza jezi zao kwa nguvu. Sikukuu hizi mbili ndizo zilizomfundisha shabiki kwamba kila mwaka una jezi yake, kama Idi ilivyo na nguo mpya. Lugha nayo ikabadilika. Siku hizi watu hawasemi jezi, wanasema uzi. Uzi umetoka. Uzi wa msimu huu ni moto. Julai 2023 Simba walipandisha uzi wao Mlima Kilimanjaro kwenda kuuzindua huko, na Yanga wamempa mbunifu wa mavazi Sheria Ngowi kazi ambayo zamani ingeachiwa mwenye duka la vifaa vya michezo.

Fedha zinaeleza kilichobaki. Mwaka 2021 haki ya kutengeneza jezi za Simba ilikwenda kwa Vunjabei kwa shilingi bilioni 2 kwa miaka miwili. Mwaka 2025 Jayrutty iliichukua kwa zaidi ya bilioni 38 kwa miaka mitano. Kifuani nako bei ilipanda: mwaka 2022 Simba waliachana na SportPesa wakaenda M-Bet kwa mkataba wa zaidi ya bilioni 26 wa miaka mitano, Yanga wakabaki SportPesa kwa zaidi ya bilioni 12 kwa mitatu. Ile busara ya mdhamini mmoja kwa watani wawili ikaisha. Kampuni sasa ziko tayari kuchukiwa na nusu ya nchi.

Jezi imeanza pia kusafiri kwa niaba ya taifa. Februari 2021 Simba waliifunga Al Ahly ya Misri 1 kwa 0 wakiwa na maneno Visit Tanzania kifuani, na siku hiyo nyekundu ilipigiwa makofi hata na watu ambao wasingekubali kuigusa. Si wote. Wapo walioshangilia Al Ahly, kama ambavyo wapo waliosherehekea Yanga ilipolikosa kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger mwaka 2023 kwa kanuni ya bao la ugenini. Utani hauna pasipoti.

Katikati ya mwaka 2021 huo huo ulitokea uhamisho ambao hakuna mchezaji aliyeufikia kwa kelele. Haji Manara alikuwa msemaji wa Simba kwa miaka kadhaa, mdomo ulioipa Simba misemo yake na kuiudhi Yanga kila wiki. Ni mtoto wa Sunday Manara, yule Kompyuta wa Nyamagana. Mwezi Agosti akatambulishwa Jangwani kuwa msemaji wa Yanga. Watu wa Simba walisema amewasaliti, watu wa Yanga wakasema amerudi kwao. Wote walikuwa wanazungumzia shati.

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walishinda 5 kwa 1, na kwa wiki nzima mjini hapa watu wa kijani walisalimiana kwa kuinua kiganja chenye vidole vitano, bila neno. Siku ile Uwanja wa Mkapa haukuwa na kanzu wala Chelsea. Ulikuwa umekatwa vipande viwili kama kitambaa mezani kwa fundi, nyekundu huku, kijani na njano kule, kila mtu na uzi wa mwaka huo.

Si wote walioununua dukani. Feki zinafika Kariakoo kabla ya halisi, nyingine usiku ule ule wa uzinduzi, na klabu zimeshindwa kuwamaliza wauzaji wake kwa matangazo na kwa polisi. Pita Mtaa wa Msimbazi Jumamosi ya mechi utamkuta machinga ametandika turubai moja, upande wa kulia nyekundu, upande wa kushoto kijani, senti haichagui. Bei ya asubuhi ni sawa kwa zote mbili. Jioni, baada ya filimbi, bei ya aliyefungwa inashuka nusu, na bado hainunuliwi. Yeye mwenyewe amevaa shati la buluu. Ukimuuliza yeye ni timu gani, atakuuliza wewe kwanza.